Asiyekuwepo na Lake Lipo

Ujumbe wa sauti uliingia saa kumi alfajiri. Madale ilikuwa bado giza, majogoo wa jirani ndiyo kwanza wanaanza kujibizana. Kule aliko mpwa wangu, Columbus katika jimbo la Ohio, ilikuwa saa tatu ya usiku wa jana yake. Alinipa shikamoo, akaniomba radhi kwa kunishtua usingizini, kisha akazungumza dakika sita kama mtu anayekimbizwa.

Baba yake, ambaye ni kaka yangu, alimwanzisha kwenye chuo kidogo cha miaka miwili karibu na nyumbani kwa sababu ada yake ilikuwa nafuu. Sasa amehamia chuo kikuu kikubwa, anaingia mwaka wa tatu, na amekuta kila mtu ana watu wake. Wasichana wa huko wana vyama vya udada vinavyoitwa kwa herufi za Kigiriki. Huvaa fulana zenye herufi hizo, wengine hukaa nyumba moja, na huitana dada. Vyama vitatu vimemwalika akavione. Kimoja ni cha Wamarekani weusi, cha pili kimejaa wasichana wa Kizungu, cha tatu ni cha watoto wa wahamiaji kutoka kila pembe. Yeye ni mweusi lakini kwao si Alabama. Ni Mwislamu anayefunga Ramadhani, na nyumbani kwao kunasemwa Kiswahili cha Wete, Pemba. "Shangazi," akamalizia, "wewe uliwahi kuhamia chuo. Nichague kipi?"

Sikumjibu siku ile. Nilichemsha chai nikakaa barazani mpaka kukapambazuka. Mtoto alikuwa ameniuliza swali ambalo zamani nililipata kwa bahati, na miaka zaidi ya kumi baadaye nikalikosa, jibu nikiwa nalo mkononi.

Nilihamia Dar es Salaam Oktoba 2011, baada ya mwaka mmoja wa masomo ya ualimu katika chuo cha Unguja. Baba alikuwa amefariki, na mama yangu mdogo, aliyeolewa Bara tangu zamani, alikuwa na nyumba Madale isiyo na dari lakini yenye chumba cha ziada. Kuhama chuo si jambo la kufunga mkoba na kuondoka. Kuna barua ya chuo unachotoka, barua ya chuo unachokwenda, matokeo yenye mihuri, somo linalolinganishwa na somo, kisha Tume ya Vyuo Vikuu nayo iridhie. Nilipomaliza kuzungusha makaratasi, muhula ulikuwa wiki ya tatu, na boom langu, zile fedha za kujikimu ambazo wanafunzi huzisubiri kama mvua ya vuli, lilikuwa bado linanitafuta kule nilikotoka.

Madale ya wakati huo si hii ya leo. Lami inayotoka Tegeta Kibaoni kupitia Wazo, Madale na Goba hadi Mbezi haikuwepo. Kulikuwa na udongo mwekundu, mikorosho, mapagale ya watu waliokuwa wakijenga tofali kwa tofali kadiri mshahara ulivyoruhusu, na maji yaliyoletwa na boza. Mvua ikinyesha, bodaboda alikushusha kwenye mteremko, ukavua viatu ukavishika mkononi. Nilitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, nikapanda pikipiki mpaka Tegeta, halafu daladala mpaka Mwenge katika Barabara ya Bagamoyo iliyokuwa ikitanuliwa, vumbi na foleni, ili niwahi kipindi cha saa mbili.

Vipindi vilikuwa rahisi kuliko watu. Kuhamia chuo mwaka wa pili ni kama kufika kwenye harusi watu wameshakula. Hakuna anayekufukuza, lakini masinia yameshaondolewa na wewe hujui ukae wapi. Wenzangu walishajuana tangu mwaka wa kwanza: nani ana kompyuta, nani huandika haraka, nani hulala mhadhiri akigeuka ubaoni. Walikuwa na diskasheni zao na mabenchi yao. Hata viti vya ukumbini, ingawa havikuandikwa jina, vilikuwa na wenyewe.

Tena nilikuwa Mpemba. Dar es Salaam inamjua Mpemba mmoja tu, mwanamume mwenye duka la mtaani, anayepima sukari ya robo na kukopesha kwa daftari. Mpemba mwanamke, anayesomea ualimu, aliyekaa mstari wa mbele, hawakujua wamweke fungu gani. Wiki ya kwanza nilimwomba mama ntilie asinitilie tungule kwenye kachumbari. Akanikodolea macho. Benchi zima likanigeukia. Tungule ndiyo nini? Nikaonyesha kwa kidole. "Nyanya!" wakapiga ukelele, na tangu siku hiyo jina langu likawa Tungule. Nilicheka pamoja nao, kisha nikalia kutoka Mwenge mpaka Tegeta, uso nimeuelekeza dirishani.

Mama mdogo aliyaona macho yangu. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," aliniambia akinipakulia wali. "Wewe usingoje kupewa. Nenda mara tatu kila penye watu. Mara ya kwanza watakuchekea. Ya pili watakuonyesha vyao. Ya tatu watasahau kama upo. Hapo ndipo utege sikio."

Nilianza kwa watu wa kwetu. Wanafunzi tuliotoka Visiwani tulikutana kila Ijumaa baada ya Alasiri. Sijui niielezeje raha ile. Nilisema "skuli" na hakuna aliyenisahihisha. Nilisema "boflo" na hakuna aliyeniuliza kama ni mkate au mnyama. Mtu alikuwa na halua ya Wete kwenye kikebe, tukagawana vipande vidogo kama dawa. Ijumaa ya pili nilitaka kuhamia pale pale kwenye mkeka. Ijumaa ya tatu likatajwa jina la msichana mmoja aliyekuwa haonekani. Anakaa chumba kimoja na wasichana wa Bara, wakasema. Amebadilika. Hata salamu yake sasa ni ya Kibara. Kila mmoja aliongeza chumvi yake, na hakuna aliyeuliza yuko wapi. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa kitandani na malaria kwa wiki mbili, akinyweshwa uji na hao hao wasichana wa Bara.

Kundi la pili lilikuwa la wadada waliopendeza. Walikuwa na sare za vitenge, sherehe za siku za kuzaliwa, na picha zilizopigwa kila pembe ya chuo. Walinipokea kwa mikono miwili. "Mzanzibari wetu," waliniita, na mie nikavimba kichwa. Mara ya kwanza waliniuliza kama najua kupaka hina. Mara ya pili waliniuliza kuhusu biriani. Mara ya tatu kulikuwa na maandalizi ya sendofu, nami nimeinama nachora piko kwenye mkono wa mtu, wakawa wanamjadili mwenzao aliyeshindwa kulipia sare. Wakakubaliana jina lake litolewe kwenye orodha ya kamati. Mmoja akaiga anavyotembea na viatu vyake vilivyoisha kisigino. Chumba kizima kikacheka, na mkono niliokuwa nauchora ukatikisika. Nikafuta mstari ulioharibika, nikajiuliza siku vidole vyangu vikichoka watanitaja kwa lipi.

Kundi la tatu sikulitaka. Ndio hao walionibatiza Tungule. Walikuwa wasichana sita waliokaa chini ya mwarobaini karibu na kibanda cha fotokopi: mmoja wa Karagwe, mmoja wa Newala, mmoja Mgogo, wengine nimeshasahau kwao wapi. Walisoma pamoja, na kila Jumamosi walicheza mchezo wa kupeana, wa shilingi 5,000. Walikuwa na ndimi kali. Wa Newala alinieleza usoni kwamba mwandiko wangu ni wa kuku. Nilikwenda mara ya kwanza kwa sababu nilikosa maelezo ya somo moja, mara ya pili kwa sababu hiyo hiyo. Mara ya tatu kijana wa fotokopi alikuja kuuliza atoe nakala ngapi.

"Saba," akasema wa Karagwe.

Nikahesabu. Wao sita. Moyo ukaniruka: na mimi wamenihesabu! Nikanyoosha mkono nilipe ya kwangu. Wakatazamana. Nakala ya saba haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwenzao aliyejifungua, akaahirisha mwaka, akarudi kwao Singida. Kila baada ya wiki mbili walifunga vifurushi vya masomo, wakavipeleka stendi ya Ubungo, wakamkabidhi kondakta. Akirudi asianzie sifuri, walisema. Kwenye daftari la mchezo mstari wake ulikuwepo, haukukatwa. Badala ya hesabu waliandika neno moja tu, "yupo".

"Na huyu Tungule?" akauliza kijana.

"Basi nane."

Sisi watu wa pwani tuna methali tunayoitupa bila kufikiri: asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye sinia la pilau ni kweli kabisa, chelewa uone. Lakini mtu mchache, mgeni, aliyehamia, ndiye atakayekuwa hayupo mara nyingi kuliko wote. Atakuwa amekwenda kuswali. Atakuwa ameshindwa nauli. Atakuwa amevuka bahari kwenda kuzika. Akichagua kundi kwa jinsi wanavyomchekea akiwa mbele yao, amepima nguo kwa mtu mwingine. Nilikaa chini ya ule mwarobaini kwa sababu ya nakala ya saba.

Hawakuwa malaika. Walipanga diskasheni saa ya magharibi, wakati mimi natakiwa niswali na niwahi daladala kabla giza halijaingia Madale, na ilibidi nigombane mara mbili ndipo wakasogeza. Mwisho wa muhula walipanga kusherehekea kwenye kitimoto, wakakumbuka nani yuko nao sahani zikiwa tayari zimeagizwa. Tukaishia kula mahindi ya kuchoma barabarani, nao wakinilaumu kwa kuwanyima nyama. Kuwa mchache ni kazi ya kujieleza kila siku, na kundi jema halikuondolei kazi hiyo. Linakusikiliza ukijieleza, halafu mara ya pili linakumbuka lenyewe. Wala sikuwaacha watu wa Ijumaa. Mkeka ule ulikuwa lugha yangu, na lugha haiachwi kwa kosa la maneno.

Kisha ikaja Jumatano ya 18 Julai 2012. Zilikuwa zimebaki siku chache Ramadhani iandame. Binti ami yangu alikuja Dar kutibiwa na kununua vitu vya wanawe, na asubuhi ile nilimsindikiza bandarini kabla ya kwenda shule nilikokuwa nafanya mazoezi ya kufundisha. Alikuwa na viatu vya skuli vya watoto kwenye mfuko wa nailoni, ameufunga fundo mbili. Alipanda MV Skagit. Meli ile iliondoka mchana kuelekea Unguja ikiwa na watu karibu 290, ikapigwa na upepo na mawimbi, ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe. Mie nilisikia kwenye redio ya bodaboda, Tegeta. Niliipiga simu yake mpaka yangu ikazima.

Visiwa vilikuwa havijamaliza tanga. Haukuwa umetimia mwaka tangu MV Spice Islander izame usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba. Mimi nilivuka kuja kuanza chuo mwezi mmoja tu baada yake, nimeshika tasbihi njia nzima. Sasa ilibidi nivuke tena maji yale yale kwenda kukaa matanga ya mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Nilikaa Pemba Jumamosi nne.

Watu wa Ijumaa waliokuwa likizo walikuja nyumbani. Wakagawana juzuu, wakasoma khitma, wakalala chini na wanawake wa kwetu. Aliyetangulia kufika alikuwa yule msichana waliyesema amebadilika. Alinishika mikono akanisalimu, na salamu yake ilikuwa ile ile ya kwetu.

Niliporudi Dar nilikwenda Mwenge Jumamosi, tulikokutana wakati ule wa mazoezi ya kufundisha. Wenzangu wa mwarobaini hawakunipa pole ndefu. Walikuwa wameshanipa kwa simu. Wa Karagwe alifungua daftari akaanza kukusanya. Nikatafuta mstari wangu. Palikuwa na vema nne mbele ya neno Tungule, kila moja kwa wino wake: ya kwanza buluu, ya pili nyeusi, ya tatu kijani, ya nne penseli. Nikauliza nani amenilipia. "Si umeandikwa?" akanijibu, akafunua ukurasa. Mpaka leo sijui kalamu ipi ilikuwa ya nani, na shilingi 20,000 zile sikuzilipa, kwa sababu hakuna aliyekubali kudai.

Siku ile mpwa wangu aliponiuliza, nilianza kusoma habari za vyama vyake, nione kama nina la kumwambia. Nilidhani nitakuta mambo ya fulana na muziki. Nikakuta kwamba chama cha kwanza cha wasichana weusi wa namna hiyo, Alpha Kappa Alpha, kilianzishwa Januari 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, enzi ambazo vyama vya Kizungu havikuwa na kiti cha msichana mweusi. Mwaka 1913 wasichana 22 walijitenga wakaunda Delta Sigma Theta, na kabla miezi miwili haijatimia walikuwa barabarani katika maandamano makubwa ya kudai kura ya wanawake, tarehe 3 Machi. Nilifurahi zaidi kuwajua wanawake saba wa Indianapolis walioanzisha Sigma Gamma Rho mwaka 1922, kwa kuwa walikuwa walimu kama mimi. Lakini kilichonisimamisha ni kimoja. Katika vyama hivi mtu haondoki akihitimu. Anabaki mwanachama akiwa mama, akiwa bibi, na akifariki dada zake huja msibani wakamuaga kwa taratibu za chama, jina lake likatajwa mbele ya watu. Nikaweka simu chini. Kumbe nao wana daftari.

Wala udada wa kuchaguana haukuletwa kwetu kwa meli. Bibi zetu walikuwa nao bila herufi za Kigiriki. Wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama vyenye vyeo, sare na mashindano makali, na humo wakakutana kwa harusi na kwa misiba. Hapa Dar es Salaam, TANU ilipowataka wanawake mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed, ambaye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa ngoma, alikwenda kuwatafuta kwenye vikundi vya ngoma. Alijua walipo watu ambao wameshazoea kuchangiana na kuitana kwa majina.

Sasa niseme nilipokosa.

Leo mimi ni mwalimu wa sekondari na nina nyumba yangu Madale, hatua chache kutoka kwa mama mdogo. Ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama ishirini na wanne. Tunanunua hisa kila Jumapili, tuna mfuko wa jamii wa ugonjwa na msiba, na tuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mtindo huu ulianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, ukasambaa mpaka kwetu. Mmoja wa wenye funguo akikosekana, sanduku halifunguki. Chuma kile kina adabu kuliko watu. Tangu ije Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vinatakiwa kusajiliwa, na kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo nne ni za wanawake. Basi nasi tukaandika katiba, na kalamu ya kuiandika ilikuwa yangu.

Alikuja dada mmoja muuza vitumbua pale stendi. Ni mpangaji. Anayeijua Madale ataelewa uzito wa neno hilo. Wengi wetu tulikuja huku kujenga, na salamu yetu ya kwanza ni umefikia wapi: msingi, lenta, au umeshaezeka. Mpangaji hana cha kujibu. Dada yule alihudhuria Jumapili mbili, akakaa pembeni, akasaidia kuosha vikombe. Jumapili ya tatu hakuja. Ombi lake la kujiunga likasomwa, nami nikasema, kalamu mkononi: "Mpangaji ni daladala, akiona abiria wengi kwingine anageuza gari."

Walicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu maneno yalikuwa yangu na yalikuwa yamekaa vizuri.

Mama mdogo alikuwa kwenye kona yake anasuka ukili. Macho yake hayaoni vyema siku hizi, masikio yanasikia. Hakuinua kichwa. "Tungule," akaniita, jina ambalo hakuwahi kuniita maishani, "wewe hapa ulikuja na hati ya kiwanja?"

Hakuna aliyecheka. Uso wangu ulipata moto, nikajifanya natafuta ukurasa. Miaka yote ile nimewasimulia watu habari za kalamu nne, wanafunzi wangu wanaijua, majirani wanaijua. Nilijihesabu kuwa mchache maisha yangu yote, kumbe nilishahamia upande wa wengi bila kubeba hata mzigo mmoja: nina kiwanja, nina cheo, nina kalamu, na nina mzaha unaochekwa. Niliufahamu ule mkeka wa Ijumaa kwa ndani sasa. Wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamestarehe, kama nilivyostarehe mimi, na mtu aliyestarehe pamoja na wenzake hutafuta asiyekuwepo wa kuchangamshia baraza.

Jumatatu alfajiri nilikwenda stendi nikanunua vitumbua. Nikamuuliza kwa nini hakuja. Mwanawe alikuwa na homa. Sikumwambia tulichosema, nilimwomba namba za wadhamini, na mdhamini wa kwanza nikajiandika mimi. Mahali ambapo katiba yetu ilisema "mwenye makazi ya kudumu" sasa panasema "mkazi". Mabishano ya neno hilo moja yalikula Jumapili mbili.

Mwisho nikamjibu mpwa wangu. Nilimwambia: mwanangu, kwanza uliza ada ni kiasi gani kwa mwaka mzima, si kwa mwezi wa kukaribishwa. Waambie mapema kwamba unaswali na hunywi, uone watakaokumbuka mara ya pili. Wakitaka kukupima kwa kukudhalilisha au kukunyima usingizi, ondoka usiage. Vyama vyenyewe vimepiga marufuku mambo hayo. Usidhani lazima kundi moja likutosheleze. Mimi wa Ijumaa walinisomea khitma na wa Jumamosi waliniandika, na nilihitaji vyote viwili. Usiwakwepe wanaofanana nawe, wala usiwakimbilie kwa sababu hiyo tu. Nenda mara tatu. Mara ya tatu kaa kimya, usikilize wanavyomtaja asiyekuwepo, kwa maana hilo jina siku moja litakuwa lako. Na ukishaingia, ukizoea, ukipata kiti chako, jisikilize mwenyewe.

Hajaniambia amechagua kipi, nami sijamuuliza.

Jumapili iliyopita muuza vitumbua hakuja tena. Mwenye nyumba amempa notisi, amehamia chumba cha upande wa Goba, na siku ile alikuwa anahamisha vitu kwa guta. Nilipofika kwenye mstari wake nikasimama. Nilisikia viti vikisogea, mtu akakohoa, mtu akasema tuendelee. Mama mdogo alikuwa anavuta ukili wake polepole. Nikafungua pochi nikatoa hisa yake, kisha nikatafuta kalamu. Mkobani nilikuwa na moja tu, nyekundu, ile ya kusahihishia madaftari ya wanafunzi. Nikaweka vema.